Rangi ya mafuta chini, ya maji juu, na moshi umeshika: jikoni nipake nini?

Dada_Chumbageni

Habari za muda huu wadau. Naomba ushauri kabla sijanunua rangi.

Jiko ni la ndani, mita 3.6 kwa 2.8, kimo mita 2.7. Lina mlango mmoja wa kawaida na dirisha la mita 1.5 kwa 1.2. Juu ya kaunta kuna vigae vya kimo cha sentimita 60, urefu mita 3.4. Kuta zote ni za tofali za saruji. Kuanzia chini hadi mita 1.2 kuna rangi ya kahawia inayong'aa, na kutoka hapo hadi juu ni nyeupe isiyong'aa. Upande wa kupikia, ukuta na dari vimegeuka rangi ya chai kwa moshi wa mkaa na mafuta ya kukaangia. Sasa tunapikia gesi zaidi, lakini mkaa bado upo. Karibu na sinki rangi imevimba na inabanduka, eneo la kama viganja viwili.

Fundi anasema atapaka silki ya maji (rangi ya maji yenye mng'ao mdogo) mikono miwili, yaani tabaka mbili, moja kwa moja, na ametaka ndoo ya lita 20. Jirani ananishauri nipake rangi ya mafuta jiko zima ili liwe rahisi kufuta. Nimsikilize nani? Lita 20 ni sawa? Na rangi gani inafaa jiko lenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani?

FundiRangi_Temeke

Dada, silki ya maji ni chaguo zuri. Kosa liko kwenye hayo maneno "moja kwa moja".

Hiyo kahawia inayong'aa karibu hakika ni ya mafuta. Rangi ya maji ikipakwa juu ya mafuta yanayong'aa haipati pa kushika. Siku ya kwanza itaonekana nzuri kabisa, kisha kiti kikigusa ukuta au tepu ikibandikwa na kutolewa, inavuka kama ganda la kitunguu. Hakikisha kwanza: chovya pamba kwenye spiriti, sugua sehemu moja kwa nusu dakika. Pamba ikitoka na rangi na ukuta ukawa laini, hiyo ni ya maji. Pamba ikibaki safi, ni ya mafuta. Fanya hivyo chini na juu, maana nyumba nyingine hata hiyo nyeupe ya juu ni ya mafuta iliyofifia.

Huko juu ongeza kipimo kimoja. Pitisha kiganja kikavu ukutani. Kikitoka cheupe kama umeshika chaki, hiyo ni chokaa au rangi iliyokwisha nguvu, na chochote utakachopaka kitashika vumbi, hakitashika ukuta. Hapo ni kukwangua na kuosha hadi vumbi liishe.

Mafuta ya kupikia ndiyo adui mkubwa wa jikoni kuliko moshi wenyewe, kwa sababu huyaoni. Osha kuta zote hata zinazoonekana safi: maji ya moto lita 5, sabuni ya unga vijiko viwili vya chakula na magadi soda kijiko kimoja. Vaa glavu. Anza chini kupanda juu ili michirizi ya maji machafu isiache alama kwenye ukuta mkavu, halafu suuza mara mbili kwa maji matupu. Magadi yakibaki ukutani nayo yanazuia rangi kushika. Kipimo cha usafi ni tone la maji: likitandaa, ukuta uko tayari, likijikunja kama shanga, mafuta bado yapo.

Ukishakauka, sehemu ya kahawia ipigwe msasa namba 120 hadi mng'ao wote ufe. Hutafuti kuitoa rangi, unaitia mikwaruzo tu. Loanisha msasa na maji badala ya kusugua kavu. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Kikomo kinachopendekezwa na WHO kwa rangi mpya ni sehemu 90 kwa milioni, lakini kopo la miaka 20 iliyopita hakuna anayejua lilikuwa na kiasi gani. Watoto na vyombo vyote vitoke siku hiyo, na sakafu ipigwe deki, isifagiliwe.

Baada ya hapo andakoti ya mafuta (rangi ya chini inayoshikilia ile ya juu) mkono mmoja kwenye ile sehemu ya kahawia, iache saa 24, isugue kidogo kwa msasa namba 220, futa vumbi, ndipo silki. Duka lenye praima (rangi ya kutanguliza) ya maji iliyotengenezwa kushika juu ya rangi inayong'aa litakupunguzia harufu na siku moja ya kusubiri. Soma kwenye kopo: lazima liseme linashika juu ya mafuta.

Ile rangi ya chai huko juu nayo ina masharti yake. Madoa ya moshi yanayeyuka kwenye maji. Ukipaka rangi ya maji juu yake, maji ya rangi yanayayeyusha na kuyavuta juu inapokauka. Utapaka mkono wa tatu na wa nne na njano itarudi palepale. Dawa yake ni mkono mmoja wa andakoti ya mafuta au praima ya kuzuia madoa kwenye eneo lote lenye rangi ya chai, ukutani na darini, baada ya kuosha.

Bechi_Moja

Naongezea hesabu, kwa sababu lita 20 ni nyingi mno kwa chumba hicho.

Mzunguko wa kuta ni mita 12.8. Zidisha kwa 2.7 unapata mita za mraba 34.6. Toa mlango (0.9 kwa 2.1, yaani 1.9), dirisha 1.8 na vigae 2.0. Zinabaki takriban 29. Mikono miwili ni 58. Kopo nyingi zinaandika lita moja inapaka mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, lakini hiyo ni kwenye ukuta laini uliokwishapakwa praima. Tumia 10 usije ukaishiwa. Jibu ni lita 5.8. Nunua makopo mawili ya lita 4, na litakalobaki utalihitaji kwa marekebisho.

Andakoti: eneo la kahawia ni kama mita za mraba 13 ukitoa mlango na kipande cha vigae, ongeza eneo la moshi. Kopo moja la lita 4 linatosha na kubaki. Dari ni mita za mraba 10, mikono miwili 20, basi lita 2 hadi 2.5 ya rangi ya dari.

Rangi ikichanganywa kwa mashine dukani, chukua yote siku moja. Makopo mawili yenye jina lilelile yanaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo inaonekana hasa kwenye kona ambapo kopo moja liliisha na jingine likaanza. Kabla ya kuanza, mimina yote mawili kwenye ndoo moja safi, koroga kwa mti hadi chini, kisha rudisha. Piga picha karatasi ya mchanganyiko iliyobandikwa kwenye kifuniko.

Jambo la maji ya kuongezea lizungumzwe na fundi kabla hajafungua kopo. Silki kwa kawaida inaongezwa maji asilimia 5 hadi 10, yaani kwenye lita 4 ni kati ya mililita 200 na 400. Zaidi kidogo huruhusiwa kwa mkono wa kwanza kwenye lipu iliyokauka ambayo haijawahi kupakwa rangi na inanyonya, kwa kufuata kopo. Ndoo ikiongezwa maji hadi nusu, gundi inayoshikilia rangi inakuwa nyembamba. Ukuta utapakika vizuri tu, lakini kitambaa chenye maji kitatoka na rangi ukifuta mara ya kwanza.

Nyumba_Kavu

Wakuu wote mmepita sinki haraka. Rangi iliyovimba viganja viwili inasema kuna maji nyuma yake. Hata mfanye nini juu, yatasukuma tena.

Kuna vyanzo vitatu vya kawaida pale. Cha kwanza ni mstari kati ya sinki na vigae: silikoni imepasuka au haikuwekwa, maji yanateremka nyuma ya kaunta. Cha pili ni bomba ndani ya ukuta. Funga mabomba yote ya nyumba usiku, andika namba ya mita ya maji, soma tena asubuhi. Ikisogea, kuna uvujaji mahali. Cha tatu ni unyevu unaopanda kutoka chini, na huo hujulikana kwa sababu unafuata ukuta mzima kwa usawa, hauji kama kiraka.

Bandika kipande cha foili ya jikoni, sentimita 40 kwa 40, karibu na hapo palipobanduka. Ziba pande zote kwa tepu, acha siku moja na usiku wake. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa kupikia unaoganda, na hapo tatizo ni hewa.

Ukishaziba chanzo, kwangua vyote vilivyolegea hadi ufike kwenye lipu ngumu. Ukiona unga mweupe kama chumvi, uondoe kwa brashi kavu. Usiuoshe: maji yanayeyusha chumvi na kuirudisha ndani, kisha inatoka tena. Acha pakauke wiki mbili au zaidi. Halafu mwambie fundi ajaze kwa pati (kijazio cha mashimo ya ukuta) ya saruji au ya akriliki, si kwa unga wa jipsamu. Jipsamu ni nzuri sana sebuleni lakini ikilowa inalainika, na ukuta wa sinki utalowa tu. Rangi nyingi zinazosingiziwa ubovu zimebanduka na pati yake mgongoni. Geuza ganda lililovuka uangalie: likiwa na unga mweupe nyuma, aliyekosea ni pati.

Dada_Chumbageni

Asanteni sana. Nimefanya vipimo vyote.

Spiriti: chini pamba safi, juu imetoka nyeupe. Kiganja: huko juu kinatoka unga kidogo sana. Foili: matone upande wa ukuta. Tumechungulia chini ya sinki, silikoni imeachana na vigae urefu wa kama sentimita 30, nadhani ndiyo hiyo. Mita ya maji haikusogea.

Nimesahau kusema kitu. Kuna mlango wa zamani wa kwenda stoo tumeuziba kwa tofali na kupiga lipu. Una wiki tatu sasa. Huo niupake andakoti ileile?

FundiRangi_Temeke

Hapana dada, hapo usiguse na mafuta kabisa.

Lipu ya saruji ikiwa mbichi ina alikali kali, ukali kama wa magadi. Alikali ikikutana na rangi ya mafuta inaigeuza kuwa sabuni, ni kemia ileile ya kupikia sabuni. Rangi inabaki inanata, inatoa michirizi ya njano na kubanduka kwa vipande. Wala kusubiri hadi "ionekane kavu" hakutoshi, kwa sababu juu hukauka mapema kuliko ndani.

Wiki nne ndiyo kima cha chini, na Tanga kipindi cha masika ongeza mbili. Ikiwa na rangi moja ya kijivu nyepesi bila mabaka meusi, na foili ikatoka kavu, endelea. Paka praima ya kuzuia alikali, ile ya maji, mkono mmoja, halafu silki kama kuta nyingine. Isugue kwanza kwa kipande cha mbao kuondoa chembe za mchanga zilizolegea, ufute vumbi.

Kama huwezi kusubiri, paka sehemu nyingine zote hadi kona na uache ukuta huo mzima. Ukikatisha katikati ya ukuta, mstari wa kiungo utauona daima.

Huko juu kwa unga kidogo: osha, sugua msasa mwepesi, rudia kiganja. Ukiendelea kutoa unga, paka praima ya maji ya kukamata vumbi kabla ya silki.

Mzee_wa_Glosi

Mimi natetea mafuta. Hakuna rangi ya maji inayostahimili kusuguliwa kama glosi, yaani rangi ya mafuta inayong'aa sana. Ukuta wa nyuma ya jiko la kupikia unarukiwa na mafuta ya moto kila siku, unafutwa kwa sabuni kali. Silki itapauka ndani ya miaka miwili. Glosi inakaa.

Nakshi_na_Mwanga

Mzee wangu, kwa kipande cha nyuma ya jiko nakubaliana nawe nusu. Kwa jiko zima, hapana, na sababu ni tatu.

Glosi nyeupe au krimu hugeuka njano, na hugeuka haraka zaidi mahali pasipo mwanga na penye joto. Jiko la dada lina dirisha moja linalotazama ukuta. Nyuma ya kabati na juu ya jiko rangi itatofautiana na ile ya karibu na dirisha. Pili, mng'ao mkali unaonyesha kila tuta la lipu, taa ikiwashwa ukuta utaonekana una mawimbi. Tatu, sasa ana lipu mpya ndani ya chumba hichohicho.

Kuhusu kusuguliwa, siku hizi kuna kipimo. Kwenye kopo la rangi inayofuata kipimo cha Ulaya cha EN 13300 utaona daraja la kusuguliwa kwa maji. Daraja la 1 ni rangi inayopoteza chini ya mikroni 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) baada ya kusuguliwa mara 200, daraja la 2 ni kati ya 5 na 20. Jikoni chukua la 1, au la 2 kwa uchache. Kopo lisiloandikwa hivyo, tafuta neno la kuoshwa, na uchague silki au satini. Mati ya kawaida, yaani isiyong'aa, usichukue: inanyonya mafuta, na ukiisugua inaacha doa linalong'aa ambalo halifutiki.

Nyuma ya jiko hasa, kigae kinashinda rangi zote, ya mzee na ya kwangu. Vigae vyako vya kaunta vikiendelea hadi pale, sentimita 60 juu na upana wa jiko la kupikia ukiongeza sentimita 20 kila upande, ubishi wa mafuta na maji unaisha.

Sasa rangi yenyewe. Jiko lenye mwanga hafifu halihitaji nyeupe tupu. Nyeupe isiyopata mwanga huonekana kijivu. Chukua krimu yenye njano kidogo, au rangi ya ganda la yai. Kijani hafifu cha majani ya mchaichai ni kizuri, ila jirani yako akiwa na ukuta mwekundu au wa matofali ya kuchoma, mwanga unaoingia utakuwa na wekundu na kijani kitachafuka. Mafuta yakiruka ukutani huacha rangi ya manjano hafifu, kwa hiyo krimu huyaficha kwa muda kuliko buluu au kijivu. Rangi nzito, kama kahawia ya sasa, haifichi uchafu kama watu wanavyodhani: michirizi ya mvuke na vumbi la unga wa ngano huonekana zaidi juu yake.

Usichague kwa kadi ya dukani peke yake. Nunua kopo dogo, paka mikono miwili kwenye kipande cha hadibodi cha sentimita 40 kwa 60, acha ukingo mweupe pembeni. Kisimamishe karibu na dirisha, kisha nyuma ya mlango, kisha juu ya kaunta. Kiangalie asubuhi, saa nane mchana na usiku taa ikiwaka. Taa ya LED ya mwanga wa njano itaisukuma krimu hadi iwe kama siagi. Ya mwanga mweupe itaipoesha. Kwa hiyo amua taa kwanza.

Nyumba_Kavu

Na hewa, tafadhali. Mkaa ndani ya jiko lenye dirisha moja si suala la rangi tu, ile hewa ya sumu isiyo na harufu inaua. Mkaa upikiwe nje au barazani. Kwa gesi, fungua dirisha na mlango ulio mkabala wakati wa kuchemsha, na acha wazi robo saa baadaye. Ukuvu ukitokea kwenye kona za dari, jiki sehemu moja kwa maji sehemu nne, acha dakika 15, suuza, kausha. Usichanganye jiki na siki wala dawa yoyote ya choo.

Mjukuu_wa_Shangani

Samahani kwa kuingilia. Jiko letu liko nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, kuta nene za mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa. Utaratibu huuhuu unatufaa?

Nyumba_Kavu

Hapana, ndugu yangu. Ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta unyevu na kuutoa, ndivyo ulivyojengwa. Ukiufunika kwa silki au kuupiga lipu ya saruji, maji yanakwama, chumvi inakusanyika nyuma ya rangi na lipu ya chokaa inabomoka na kumwagika kama mchanga. Kama silki imeshapakwa na inabanduka, iache ibanduke, malizia kuikwangua.

Paka chokaa iliyozimwa, iliyochujwa kwa kitambaa, nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta kwanza, paka mikono minne hadi mitano miembamba, siku moja kati ya mkono na mkono. Mkono mzito hupasuka. Chokaa haioshwi, kwa hiyo nyuma ya jiko simamisha bati lisiloshika kutu au kioo kigumu kisichopasuka kwa joto, kikiachana na ukuta kwa sentimita 2 au 3 ili hewa ipite.

Dada_Chumbageni

Nimeelewa. Silikoni kwanza, kukwangua, kusubiri sinki na lipu mpya vikauke pamoja. Swali la mwisho: mkono kwa mkono nisubiri muda gani, na lini naweza kuanza kufuta?

FundiRangi_Temeke

Dari kwanza, kuta baadaye, fremu ya mlango mwisho. Silki iache saa 4 kati ya mkono wa kwanza na wa pili, kukiwa na mvua acha hadi kesho yake. Fundi akate kona, yaani apake kingo, kwa brashi ukuta mmoja tu na apitishe rola palepale ingali mbichi. Akikata kona za chumba kizima kwanza, zitakauka na kuonekana kama fremu. Rola ya manyoya mafupi, ya milimita 10 hivi, inatosha kwa ukuta laini.

Kupika unaweza kesho yake, madirisha yakiwa wazi. Kufuta kwa maji subiri wiki mbili, kusugua kwa sabuni mwezi mmoja. Silki hukauka juu kwa saa moja lakini ugumu wake unakuja polepole. Mafuta yakiruka kabla ya hapo, yagandamize kwa kitambaa kikavu bila kusugua.